Mashine Mpya na Sauti ya Baba

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya okazyo: watu nisiowajua waliitumia huko Ulaya mpaka wakaichoka, ndipo ikafika kwetu Kolwezi ndani ya kontena. Ilikuwa nzito, betri yake ilishakufa, na herufi ya A ilikuwa imefutika kabisa. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa maandishi karibu na ofisi za serikali za komini ya Manika. Watu waliniletea mialiko ya ndoa, maombi ya kazi, nyimbo za misa ya mazishi, kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo. Umeme ulipokatika mashine ile ilizimika ghafla. Uliporudi iliwaka tena, feni yake ikikoroma kama mtu mwenye pumu. Haikunipotezea hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo sikuiacha kwa sababu ya ubovu. Niliionea aibu. Ng'ambo ya barabara bwana mmoja alifungua kibanda kama changu, akaweka mezani kompyuta nyembamba, inang'aa, na wateja wakaanza kuvuka. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Fungurume na kurudi nyumbani mwisho wa juma, aliniambia, "Nunua mupya. Kintu mupya hakisumbue."

Nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Manika. Muuzaji alikata gundi ya katoni mbele ya macho yangu, akaondoa sifongo, akavua mfuko wa plastiki taratibu kama anayemvua mtoto mchanga nguo.

"Mama, unaona mwenyewe," alisema. "Hii iko ya karato, mupya kabisa. Hakuna mukono ya muntu iliigusa."

"Na kama inakufa?"

Alicheka. "Mupya haikufe, mama. Lakini garanti iko. Mwaka muzima."

Akapiga mhuri kwenye karatasi ya garanti, nikaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yangu. Niliibeba mashine mapajani juu ya taksi-moto mpaka Kasulo, nikimwomba dereva apite mbali na mashimo.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake uani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa pampu katika kampuni ya shaba, zile pampu zinazovuta maji kutoka chini ili watu waweze kuchimba bila kuzama. Mikono yake ilikuwa mipana, na mstari mweusi wa grisi ulibaki chini ya kucha zake hata baada ya miaka mingi ya kustaafu. Aliishika kompyuta, akaigeuza, akainusa.

"Inanuka mupya," alisema. "Umeiacha izunguke kwanza?"

"Izunguke namna gani, tata?"

"Kule atelye, mu karakana ya kampuni, pampu mupya ikifika hatukuishusha mu shimo siku ile ile. Tuliifunga pale juu, tukaiacha inazunguka, inazunguka. Kama ilizaliwa na ugonjwa, itauonyesha. Ikufe mbele yetu, isikufe kule chini na bantu."

"Na ile iliyozunguka vizuri, haikufi tena?"

"Inakufa," alisema, akanirudishia. "Ingine ilizunguka muzuri pale juu, ikafika chini ikakufa juma lile lile. Hakuna mwenye kujua. Mi sikuambie itakufa. Nakuambia tu usiipe kintu ya maana mbele haujaijua."

Nilimwambia kompyuta si pampu, haina gurudumu wala grisi. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu asiyetaka kugombana na furaha ya mwanawe.

Kwa majuma ya kwanza ilikuwa raha tupu. Iliwaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Wateja walivuka barabara kurudi kwangu. Niliiuza ile ya zamani kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, nikasahau hata sauti ya feni yake.

*

Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Hivyo ndivyo tulivyoitwa, ingawa babu yangu aliletwa Kolwezi kwa treni kuja kufanya kazi ya shaba, baba yangu akazaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa, katika hospitali ya kampuni, kama watoto wote wa mtaa wetu. Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ikachelewa, halafu ikakoma. Unga wa mwisho wa mwezi ukakoma pia. Na watu walipokuwa na njaa, yakaja maneno kwamba Wakasai ndio wamekula kila kitu, warudi kwao. Tulifukuzwa nyumbani. Tukakaa kwenye stesheni pamoja na maelfu ya wengine, chini ya maturubai, tukisubiri treni isiyokuja. Ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Tulipanda watatu, mimi na baba na mama. Tulishuka Mwene-Ditu wawili.

Hayo tu ndiyo niliyoyajua. Nilikuwa mdogo mno. Nilikumbuka joto la chuma, giza la behewa, na maumivu fulani kichwani ambayo sikujua yalitoka wapi. Baba hakuoa tena. Nilipokuwa msichana na nikamwuliza, alisema, "Mama yako alibakia mu njia," akatoka nje. Nilipokuwa mkubwa tulirudi Kolwezi, kwa sababu kule Kasai tuliitwa watu wa Katanga, na yeye hakujua mji mwingine. Nyumba ya kampuni ilishakuwa ya watu wengine. Akanunua kiwanja Kasulo, akajenga nyumba ya matofali kwa mikono yake.

Hakuna aliyejua wakati ule kwamba chini ya Kasulo kuna kobalti. Ilipojulikana, watu walianza kuchimba uani, kisha jikoni, kisha chumbani chini ya kitanda. Unapita barabarani unaona pazia la mlango, na nyuma ya pazia kamba inashuka ardhini. Baba alikataa. "Mi najua maji," alisema. "Nyumba yangu haitakuwa na shimo."

Alasiri moja, jiko la jirani yetu wa upande wa kulia lilizama. Halikutoa kelele kubwa. Ilisikika kama gunia la unga lililoangushwa. Ndugu wawili walikuwa chini. Watu walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, na walipowatoa ilikuwa kuwatoa tu kwa ajili ya kuwazika. Mama yao alikaa chini katikati ya matofali akiwa bado ameshika mwiko wa bukari, ule ugali wetu.

Tulikwenda matangani. Baba alikaa na wanaume. Tuliporudi alisimama katikati ya sebule, kofia yake mkononi.

"Ile mashini yako," alisema. "Ulisema inashika sauti ya muntu?"

"Inashika, tata."

"Iwashe. Mi nataka kusema juu ya mama yako."

Alisema alasiri ile, na alasiri nyingine zilizofuata, niliporudi kutoka Manika mapema. Niliweka kompyuta juu ya kigoda mbele yake, naye aliiangalia hiyo badala ya kuniangalia mimi. Alisimulia asubuhi tuliyotoka nyumbani, na jinsi mama alivyofagia uwanja kabla ya kuondoka ingawa watu walikuwa wakipiga kelele kwenye geti. Alisimulia mvua ya stesheni. Alisimulia kuhara kulikopita katika maturubai kama moto, na jinsi mama alivyopanda behewa akiwa tayari anaumwa, akijifanya mzima ili tusiachwe. Treni ilisimama porini kwa sababu kichwa chake kilikosa mafuta. Pale ndipo mama alipofia.

"Mbele ya kukufa," baba alisema, "aliniambia nikusuke nywele. Alisema tutafika kwa bantu ya kwetu, na batakuona na kichwa chafu, batasema ule mutoto hana mama. Mi sikujua kusuka. Alinionyesha na vidole vyake. Nikasuka. Ulilia sana, juu mukono yangu iko ya pampu, nilivuta kwa nguvu. Alipoona nimemaliza, akageukia ukuta."

Ndivyo nilivyojua yale maumivu ya kichwani yalitoka wapi. Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Yote ilikuwa humo, sauti yake yote, ndani ya mashine mpya yenye garanti ya mwaka mzima.

*

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja kibandani niliiwasha, na badala ya picha ya ua niliyoizoea ukaja weusi, na maandishi meupe yakisema haioni diski. Nilisikia ndani yake mlio mdogo, tik, tik, tik, kama kucha inayogonga bati. Niliizima, nikaiwasha tena. Niliizima tena. Mwanafunzi aliyekuja kuchukua kazi yake alisimama nyuma yangu akiuliza, "Mama, iko namna gani?"

Muuzaji hakucheka mara hii. Aliisikiliza, akasoma karatasi yake mwenyewe, akasema garanti haifanyiki Kolwezi. Niipeleke Lubumbashi, kwa mafundi wao.

Siku ya pili nilipanda basi. Barabara ilijaa malori ya shaba, na vumbi lao jekundu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Niliifunga mashine kwa kitenge, nikaishika kifuani. Tulipopita Fungurume nilimpigia mume wangu simu, akaniambia watairekebisha tu, mashine bado mpya. Kila mtu alikuwa akiniambia hivyo. Mama aliyekaa karibu nami, mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliuliza nimebeba nini. Nilimwambia, "Tata wangu." Alinitazama, kisha akasogeza kikapu chake ili nipate nafasi.

Fundi wa Lubumbashi alikuwa mtu wa makamo, mtulivu. Aliweka sikio juu ya kompyuta kama daktari, kisha akaifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa kijisanduku cha chuma.

"Diski imekufa, mama."

"Lakini ni mpya! Nimeinunua juzi juzi. Nilikuwa na ya zamani, haikunifanya hivi hata siku moja."

"Naamini," alisema. "Hizi zinakufa sana mara mbili: zikiwa bado mutoto, na zikiwa muzee. Ile ya zamani ilishapita utoto wake kwa mikono ya bengine. Hii ulikuwa unaijaribu weye mwenyewe, na haukujua kama unaijaribu."

"Kwa nini basi wanatuambia mpya haisumbui?"

"Mupya maana yake hakuna muntu aliitumia. Haina maana kule bayitengenezaka hakuna kosa. Zingine zinatoka muzuri, zinakaa miaka na miaka, nyingi zaidi ziko vile. Yako haikuwa na bahati."

Aliniambia diski nyingine ataiweka pale pale, garanti inaifunika. Nikamwuliza habari za vitu vilivyokuwamo. Aliweka bisibisi chini.

"Kulikuwa nini ndani?"

"Sauti ya tata wangu."

"Ameshakufa?"

"Hapana."

"Basi shukuru Mungu," alisema, bila kebehi. "Garanti inachunga mashini. Haichunge bintu bya ndani."

Alijaribu. Aliiunganisha kwenye mashine nyingine, akasubiri, akaigeuza ubavu, akasubiri tena. Ilipiga tik, tik, kisha ikanyamaza kabisa. Nikamwomba anipe hiyo diski niende nayo. Alisema hawezi: ile iliyokufa inarudishwa kwa waliotengeneza, ndipo wanatoa mpya badala yake. Nikiishika mimi, garanti inaisha. Na hata nikiibeba, hapo Lubumbashi hamjui mtu mwenye chombo cha kuifungua.

Kibanda kilikuwa ndicho chakula chetu. Nikamwachia ile diski. Aliitupa, la, hakuitupa, aliiweka kwa uangalifu ndani ya katoni iliyojaa nyingine kama hiyo, zote ndogo, za kijivu, na sikuweza kuitambua tena ni ipi.

*

Nilipokuwa Lubumbashi, magari yenye vipaza sauti yalipita Kasulo. Nilipofika kwetu, nilikuta alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, pana kama mkono wa mtu. Nyumba zote za upande wetu zilikuwa nayo. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake, alama ikiwa juu ya kichwa chake.

"Bamesema nini, tata?"

"Bamesema tuondoke. Batajenga ukuta, batachimba na mashini kubwa. Kila muntu atapewa fasi ingine, mbali kule." Alinyoosha kidole kuelekea upande usio na kitu. Kisha akasema, "Mara hii hawaulize kabila."

Ilikuwa kweli. Mama wa wale ndugu waliozikwa alikuwa Mlunda, nyumba ya nyuma ilikuwa ya Waluba wa kaskazini mwa Katanga, na wote walikuwa wakifunga magodoro kama sisi. Jirani mmoja alipita na mlango wake begani, bawaba zikining'inia.

Nilikaa kando ya baba, nikamweleza habari ya diski. Nilifikiri atasema juu ya pampu. Hakusema. Alitazama watu barabarani.

"Basi," alisema.

"Tutaanza tena, tata? Pole pole. Nitaandika hata kwa mkono."

"Hapana, mama. Mi nilishasema. Nilibeba ile maneno miaka yote nikaisema mara moja. Sitaweza kuibeba tena."

Mume wangu aliomba ruhusa Fungurume, akaja kutoa mabati. Baba alitaka kuondoa matofali pia, moja moja, lakini muda haukutosha. Siku tuliyoondoka alifagia uwanja. Nilisimama kwenye lori nikimwona akisukuma vumbi kwa ufagio mpaka kwenye geti, nikataka kushuka nimshike mkono, nikashindwa. Mume wangu ndiye aliyekwenda akauchukua ule ufagio, akauweka juu ya mizigo, akamsaidia kupanda.

Mahali tulipopelekwa palikuwa na upepo na nyasi. Nyumba ilikuwa mpya, ya vyumba viwili, saruji bado inanuka. Mvua ya kwanza ilipita katikati ya dari. Hakukuwa na umeme. Maji tuliyafuata mbali. Baba alizunguka nje akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza.

*

Kompyuta niliiacha kibandani Manika. Sikuiamini. Nilijikuta nikifanya kile baba alichoniambia mwanzoni: niliiacha izunguke. Niliiwasha asubuhi, nikaichezesha nyimbo za kwaya mpaka jioni, siku baada ya siku, bila kuipa kazi yenye uzito. Kazi za watu nilizihifadhi humo na kwenye flashi mbili ndogo. Moja ilikaa kibandani, nyingine shingoni mwangu kwenye uzi. Wateja waliniuliza kama ni hirizi. Niliwaambia ndiyo.

Nilimwambia baba jioni moja tulipokuwa tunakula. "Inazunguka, tata. Ninaiacha inazunguka."

Alitafuna bukari yake. "Muzuri," alisema tu. Lakini tangu siku ile kila niliporudi aliuliza, "Haiyakufa?" Nami nikajibu, "Bado." Ikawa kama salamu yetu.

Wakati ule alianza kudhoofika. Ulimi wake ulikuwa mzito asubuhi, na mkono wa kushoto haukumtii vizuri. Jumapili moja baada ya misa aliuliza tena kama haijafa, nikasema bado, na akasema, "Basi ilete."

Niliileta siku iliyofuata, betri ikiwa imejaa. Alisimulia tena. Nilikaa nikisubiri maneno yale yale, na hayakuja. Treni aliipita kwa sentensi moja. Kifo cha mama alikisema kama nilivyokijua tangu utoto: alibakia mu njia.

"Na nywele zangu, tata? Ulinisuka."

Alinitazama akijitahidi. "Nywele gani?"

Sijui kama alisahau au kama hakutaka. Sikumlazimisha. Badala yake alisema jambo ambalo mara ya kwanza hakulitaja kabisa.

"Kulikuwa mama mumoja," alisema. "Pale stesheni. Kila mchana alikuya na bukari mu sahani, amefunika na kitenge, anapita kati ya basoda ba bunduki kama anaenda kuuzisha. Anatupa siye. Bale bengine ya kwake bangemuona, bangemupiga. Unajua alikuwa nani?"

"Hapana."

"Bwana yake njo aliingia mu nyumba yetu. Yeye alikuwa analala mu chumba yetu, anapika ku mbabula yetu ya makaa, na bukari anatuletea."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula. Mama yako pia alikula. Alimwambia aksanti." Akapangusa midomo kwa mkono ule mzima. "Mi sikumwambia. Ulimi yangu ilikataa."

Nilihifadhi sauti ile mahali patatu kabla sijasimama. Mpaka leo ipo, na kompyuta ile ile, yenye diski ile ya Lubumbashi, bado inafanya kazi. Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini ya kwanza ilikufa na hii ikaishi.

Baba alinielekeza ile nyumba yetu ya zamani: mtaa wa zamani wa kampuni, karibu na tangi la maji, mlango wa pembeni. Nilikwenda bila kumwambia. Niliogopa. Njiani nilishuka kwenye taksi-moto mara mbili nikitaka kurudi, dereva akanisubiri akidhani naumwa.

Yule mama alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mzee, mwembamba, macho yake yana utando mweupe.

"Hodi, mama. Mi ni mutoto wa tata wa pampu. Tulikuwa tunakaa hapa."

Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kana kwamba nimekuja kuichukua nyumba, na pengine ndivyo alivyodhani. Kisha akasema, taratibu sana, "Ule mutoto wa kulilia kiatu?"

Sikukumbuka kiatu chochote. Lakini nilisema, "Ndiye mimi."

Akaniingiza. Sikutazama kuta. Alikaa, akanivuta nikae karibu, na kabla sijasema lililonileta aliuliza, "Mama yako alifika?"

Miaka yote hiyo hakujua. Nilimwambia hapana. Akaniuliza ilikuwaje, nami nikafungua kinywa, nikamsimulia kila kitu: kuhara, treni iliyosimama porini, vidole vya mama vikimwonyesha baba namna ya kugawa nywele, mikono ya pampu ikivuta. Nilisema maneno ya baba neno kwa neno, hata pale aliposema akageukia ukuta. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyashika yote.

Alilia bila sauti. "Bwana yangu alikufa mu hii nyumba," alisema. "Batoto yangu balienda. Mi nilikuwa nasemaka: ule mama alifika, eko kwao, anapika. Kila siku nilisemaka vile."

Nikamwambia kwamba mama alisema aksanti, na kwamba baba yangu bado yu hai.

Juma lile lile alikuja. Alikuja kwa taksi-moto, mzee yule asiyeona vizuri, amefunika sahani kwa kitenge. Baba alimtambua kwa sauti. Nilidhani watazungumza juu ya nyumba, au juu ya stesheni. Walizungumza juu ya mvua, na magoti, na bei za Manika. Alipoaga, baba alijaribu kusimama. Mguu ukakataa, nikamshika. Akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Aksanti, mama."

Alikuja mara kwa mara mpaka baba alipofariki, kabla mvua hazijaisha. Kwenye matanga wanawake wa ukoo wetu, wengine walisafiri kutoka Mwene-Ditu, walikaa mkekani wakimzunguka maiti. Yule mama aliingia akipapasa njia kwa fimbo, akauliza kama kuna nafasi. Shangazi yangu alininong'oneza huyu ni nani, wa kabila gani.

"Ni mama wa nyumba yetu," nilisema.

Wakasogea, akakaa.